Samaki Aliyewafuata Walinzi

Kaeni, wapendwa, na mwenye blanketi ajifunike, maana leo nawapeleka mahali penye baridi kuliko hapa kwetu. Najua mnajivunia baridi yetu ya mwezi wa saba, ile inayounguza viazi shambani vikalala chini kama vimemwagiwa maji ya moto. Hiyo ni baridi ya kitoto. Huko ninakowapeleka, kaskazini kabisa mwa dunia, mto mzima huganda, na mtu akavuka juu yake na mzigo kichwani bila kulowa kidole. Msiniulize kama nimewahi kufika. Mfano hauhitaji nauli.

Kulikuwa na kijiji kimoja kando ya mto wa namna hiyo. Mto wenyewe haukuwa mpana, lakini maji yake yalikuwa meupe, unaziona kokoto za chini moja moja. Katika mto huo waliishi samaki wa aina mbili, nami nataka muwafahamu wote wawili kabla hatujaanza kugombana.

Wa kwanza ni samoni. Huyu ni mkubwa, nyama yake nyekundu, na ana heshima zake. Hukaa baharini, lakini majani ya miti yanapoanza kuanguka, kabla barafu haijafunga, hupanda mto kuja kutaga. Jike huchimba kwa mkia katika kokoto za maji ya kina kifupi, akaweka mayai, akayafukia, akaenda zake. Mayai hulala chini ya kokoto majira yote ya baridi, na barafu ikiyeyuka vitoto hutoka. Kijiji kile kiliishi kwa samoni. Walimkausha kwa moshi, walimla, walimuuza, na walipotaka kumsifu mtu walisema ana moyo wa samoni.

Wa pili jina lake huko ni greilingi. Ulimi wangu unagoma, kwa hiyo leo tutamwita Pezi, kwa sababu mgongoni ana pezi pana lenye madoa, na akilikunjua utadhani mama amefungua kanga dukani aitazame pindo. Pezi hana safari. Amezaliwa mtoni, anaishi mtoni, na barafu ikifunga hujikusanya na wenzake kwenye vilindi wakangoja. Anataka maji baridi na safi, na yakichafuka yeye ni wa kwanza kutoweka. Barafu inapopasuka, wakati ghala za watu zimebaki vumbi na samoni bado yuko baharini, Pezi huja kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai yake, na maskini wa kijiji humvua, wakavuka njaa. Hakuna aliyewahi kumshukuru kwa hilo.

Kwenye kona ya mto alikaa mjane mmoja. Hakuwa na mashua, wala hakuwa na mwanamume wa kumvutia nyavu za samoni. Miezi ile ya njaa, chakula chake kilikuwa Pezi. Alikuwa na wavu mdogo alioushona mwenyewe, na kila mwaka barafu ilipopasuka ulimwona amekaa ukingoni, anangoja. Mkumbukeni huyo mjane, maana habari hii ni yake.

Sasa mwaka mmoja samoni walipungua. Walipungua kidogo tu, kama mahindi yanavyopungua mwaka mwingine bila mtu kuloga. Lakini ninyi mnatujua sisi binadamu. Kitu kikipungua, hatuulizi ni nini. Tunauliza ni nani.

Wakaitana. Wakakaa kikao. Na katika kikao kile macho yakaanza kumwendea Pezi. Mmoja akasema, samoni huja akaenda, kila mtu anamwona, lakini huyu mwingine anakaa tu mtoni mwaka mzima, anakaa akifanya nini? Mwingine akakumbusha kwamba Pezi akitolewa majini hanuki samaki. Na hilo ni kweli, ananukia majani ya kiungo, kama yale tunayotia kwenye mchuzi wa nyama. Wakatazamana. Samaki asiyenuka samaki, huyo si ana jambo analificha? Wa tatu akaongeza habari ya jicho, kwamba mboni ya Pezi si duara kama ya viumbe waadilifu, bali imechongoka mbele kama tone la maji, na ukimshika hukutazama kana kwamba anakufahamu. Hapo mzee mmoja akafunga mjadala. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mnacheka. Ninyi hamjawahi kumshuku mtu kwa jicho lake? Kwa jinsi anavyocheka? Kwa sababu tu anafunga mlango wake mapema? Haya, tuendelee.

Kijiji kilikuwa na mlinzi wa mto. Alikuwa mtu mwaminifu, mchapa kazi, na hakuwa na chuki na kiumbe yeyote. Akawaambia tusimhukumu samaki kwa harufu, tumpasue tuone. Maneno ya busara kabisa. Majira samoni walipokuwa wanataga, akamvua Pezi mmoja, akamlaza juu ya jiwe, akampasua tumbo mbele ya watu wote. Na ndani ya tumbo, wapendwa, yalikuwamo mayai. Mayai ya samoni, mekundu, mazima, yanang'aa kama shanga.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Tusidanganyane. Ushahidi ulikuwa pale juu ya jiwe. Hata mimi ningenyoosha mkono.

Basi wakaweka ulinzi. Wanaume wa kijiji, kwa zamu, walivaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, wakaingia mtoni, pale pale samoni anapotaga, wakawa wanatembea kutwa, juu na chini, wakipiga maji kwa fimbo ili kumfukuza mwizi. Lakini mwizi gani huyu! Hakukimbia. Alikuja nyuma yao. Mlinzi akipiga hatua, Pezi yuko kwenye visigino vyake. Akigeuka, samaki anarudi kidogo. Akiendelea, samaki anaendelea. Jioni walisimuliana. Wakasema wameona wezi wengi, ila hawajaona mwizi anayemfuata askari.

Wakampasua wa pili na wa tatu. Mayai yalikuwa mengi kuliko ya yule wa kwanza. Majira yaliyofuata barafu ilipoyeyuka, vitoto vya samoni vilikuwa vichache. Wakaongeza walinzi. Mwaka uliofuata vikawa vichache zaidi, wakaongeza tena, hata wazee wenye baridi yabisi wakavalishwa mabuti. Na kadiri walivyolinda ndivyo vitoto vilivyopungua, na kadiri vilivyopungua ndivyo walivyozidi kumchukia Pezi.

Siku moja mlinzi alikuwa akipumzika ukingoni karibu na nyumba ya mjane, na yule mama akamtolea kitu cha moto cha kunywa. Wakaongea mambo ya hali ya hewa. Halafu mjane akasema jambo alilokuwa akiliona kila siku kutoka mlangoni kwake.

"Baba, mbona wanawafuata ninyi tu? Mkitoka majini, nao wanatawanyika. Mimi nakaa hapa kutwa nzima, hawaji."

Mlinzi akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, nimewaambia. Lakini alikuwa amelinda miaka mingi, na mtu akilinda sana husikia kila neno kama mlango unaofunguliwa. Akamuuliza, "Mama, kwa nini unawatetea?"

Yule mama akasema hamtetei mtu, anasema alichokiona. Mlinzi akaondoka bila kumaliza kinywaji chake.

Mnafikiri neno lile lilibaki pale ukingoni? Kabla ya jioni limezunguka kijiji kizima. Watu wakakumbuka kwamba mjane huyu ndiye hula Pezi kila mwaka. Wakakumbuka kwamba sufuria yake inanukia majani ya kiungo. Anayemtetea mwizi amekula naye, wakasema, na la ajabu ni kwamba alikuwa amekula kweli, mbele ya macho yao, miaka yote, kwa sababu hawakumpa kingine cha kula. Wakaacha kupita kwake. Wanawake waliokuwa wakikausha samaki naye kwenye banda la moshi wakamwambia banda limejaa, akaliona liko nusu tupu. Mtoto aliyemsalimia alivutwa mkono na mama yake.

Kisha wakaamua kumaliza jambo. Kabla barafu haijafunga walizuia mto kwa nyavu kutoka juu hadi chini, wakavua kila Pezi aliyekuwamo. Wakawarundika ukingoni, mapezi yao yale mazuri yakakauka yakapoteza rangi. Hakuna aliyewala, maana nani atakula kitu anachokishuku? Wakaachiwa mbweha. Usiku ule watu walilala usingizi mzito, mlinzi naye akalala.

Barafu ikaja, ikakaa, ikapasuka. Mjane akatoka na wavu wake mdogo akakaa ukingoni, kama kila mwaka, akangoja. Akangoja kesho yake. Akangoja mpaka unga wa mwisho ukaisha. Hakuna aliyemletea chochote, ingawa moshi wake ulionekana ukipungua juu ya paa. Ndipo akafunga mzigo, akasema atakwenda kwa dada yake ng'ambo ya milima. Njia ilipita mlangoni kwa mlinzi. Akasimama.

"Samaki mmewamaliza," akamwambia. "Na mimi naondoka. Sasa mtamlinda nani?"

"Sasa tutapumzika, mama," mlinzi akajibu, na kwa kweli alikuwa anaamini hivyo.

Majani yakaanza kuanguka tena. Samoni wakapanda, wachache, wamechoka, wakachimba kokoto, wakataga, wakafukia. Mto sasa haukuwa na mwizi hata mmoja. Mlinzi hakuwa na sababu ya kuingia majini, lakini mazoea yana tabu, na moyo uliozoea kushuku haujui kukaa nyumbani. Mchana mmoja, jua likiwa juu na maji yametulia, akavaa mabuti yake akaingia. Akapiga hatua. Kisha akageuka haraka, kama alivyozoea, amkamate samaki kwenye visigino vyake.

Hapakuwa na samaki. Na kwa kuwa hapakuwa na samaki, kwa mara ya kwanza aliona kitu kingine. Kokoto alizozikanyaga zilikuwa zimefumuka, na kutoka ndani yake mayai mekundu yalikuwa yanapanda, moja, mengine, mengine, yanazunguka kwenye maji na kwenda na mkondo. Hakukuwa na kinywa cha kuyapokea.

Akasimama tuli, yakaacha kutoka. Akainua kisigino kidogo tu, yakatoka tena.

Ndipo akaelewa walichokuwa wanafuata wale samaki miaka yote ile. Walikuwa wanaokota yaliyokwisha kuharibika. Yale mayai yaliyolazwa juu ya jiwe mbele ya watu, Pezi hakuyachimbua. Yeye hana nguvu ya kuchimbua kokoto. Aliyepita mbele yake ndiye aliyeyachimbua, kwa mabuti, kwa nia njema, kwa zamu. Na yale ya tumbo la kwanza kabisa, kabla ya ulinzi? Samoni wenyewe wakichimbia mahali pa wenzao, yako yanayotoka yakapotea, tangu zamani, na mto ulikuwa unayavumilia. Haukuweza kuvumilia mabuti ya kijiji kizima.

Sasa alitaka kutoka majini. Akatazama mbele, kokoto zimefukiwa, kuna mayai. Akatazama nyuma, kulia, kushoto. Kila mahali pa kuweka mguu palikuwa na watoto wa samoni wa mwaka kesho, na hao ndio waliokuwa wamebaki. Akabaki amesimama katikati ya mto ule wa baridi, mtu mzima, mwaminifu, mchapa kazi, hajui aweke mguu wapi.

Wapendwa, mimi namwacha hapo. Sitawaambia kama alitoka, kwa sababu sisi wenyewe bado hatujatoka.

Mnadhani nawasimulia habari za Wazungu na samaki wao? Niangalieni. Usimwangalie jirani yako, niangalie mimi. Nimeona wengine mmekwisha kupata wa kumpa mfano huu, na mnamtazama kwa pembe ya jicho.

Vijana wetu wamepungua. Benchi zile za kushoto, msimu uliopita zilikuwa zimejaa, leo mama mmoja ameweka kikapu chake juu ya benchi nzima na hakuna aliyemwomba akiondoe. Tulikaa kikao, tena tulikaa vizuri, tukafungua kwa maombi. Na kabla chai haijapoa tulikwisha kupata ni nani. Ni dada Atuganile, yule fundi cherehani aliyehamia kutoka upande wa Tukuyu, aliyepanga chumba karibu na mashine ya kusaga. Tangu aje, tulisema. Neno letu ni hilo, tangu aje. Hana mume na hasemi mume yuko wapi. Katika kwaya anacheka mahali ambapo wimbo hauchekeshi. Akisali hatusikii anaomba nini. Basi mtu asali kimya, si ana jambo?

Kisha tukapata ushahidi. Wazee wawili walipita pale siku ya Alhamisi, saa ya ibada ya vijana, wakachungulia mlangoni, wakawaona. Vijana wetu, wale tunaowatafuta, wamekaa juu ya vitambaa vyake, wamejaa chumba. Wazee wakarudi mbio kutuambia. Tulichokipata ndani kilitutosha, hatukuuliza kilifikaje humo.

Naomba niulize leo. Ile meza pale mlangoni mwa kanisa letu tuliiweka sisi au aliiweka Atuganile? Wazee wa zamu wanaoketi hapo kuwakagua mabinti sketi zao kabla hawajaingia nyumba ya Mungu, aliwatuma yeye? Binti wa Mzee Luvanda alirudishwa nyumbani mbele ya watu kwa sababu ya nywele alizosuka kwa ajili ya harusi ya dada yake. Yule kijana wa gitaa tulimsimamisha hapa mbele ajibu kama alionekana sokoni na nani. Tulifanya hayo yote kwa upendo. Tulikuwa tunawalinda. Tulitembea juu yao kutwa nzima, juu na chini, tukiwalinda.

Juzi nilikutana na binti huyo huyo wa Luvanda kisimani. Nikamuuliza, kwa Atuganile kuna nini? Nilitegemea aseme kuna muziki, au kuna mafundisho mageni, nami nilikuwa nimejiandaa kwa jibu. Akasema hakuna kitu, wanashona vifungo, na wakichoka wanasoma zaburi. Akasema tofauti ni kwamba pale akiingia, hakuna anayemtazama miguu.

Tunaipenda sana ile methali, kikulacho ki nguoni mwako. Tukiisema tunamkazia macho jirani. Lakini nguo si ni ya kwako? Si wewe uliyeivaa asubuhi?

Baraza liliniagiza nitangaze leo, baada ya mahubiri, kwamba dada Atuganile ametengwa na ushirika huu. Sitatangaza. Na kama baraza litataka kunitenga mimi pia, likae kikao, linajua njia. Ila ninyi msishangilie, wala msione kwamba mambo yamekwisha, maana habari za vikao vyetu hutembea haraka kuliko wachungaji. Yeye alikwisha kujua. Jana jioni alikuja kuniaga. Hakulalamika, wala hakumtaja mtu. Aliniuliza kama kuna jamaa anayehitaji sare za shule za watoto, alikuwa amebakiza chache hazijachukuliwa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tumemsaidia mgeni kufunga virago kabla hatujapona.

Basi la Tukuyu huondoka saa nane. Mimi nimemaliza. Wimbo wa mwisho hatutauimba humu ndani, tutauimba tukitembea, na atakayeona aibu kuja aje na aibu yake, njia ni pana. Na ninyi mlioniuliza wiki nzima vijana wetu wako wapi, kama bado mnataka kuwaona, wako kule stendi tangu asubuhi. Wamembebea cherehani.